Salamu Kwanza, Mlenda Baadaye

Mara ya kwanza kumwona mama wa mlenda akijibu wateja mtandaoni, nilidhani simu yake imeganda. Tulikuwa kibarazani kwake, Ipagala, yeye juu ya mkeka na mimi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimepandisha picha ya kwanza ya biashara yake, na watu walikuwa wameanza kuandika chini yake. Mmoja aliuliza bei. Mwingine akauliza bei. Wa tatu aliweka alama ya kuuliza peke yake, bila neno. Mama alishika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kikidonoa herufi moja moja, akamwandikia wa kwanza: Mbukwenyi. Wa pili: Mbukwenyi. Wa tatu: Mbukwenyi. Kisha akaiweka simu mkekani, akaendelea kuchambua majani.

"Mama, wameuliza bei," nikasema.

"Nimeona."

"Sasa mbona hujawaambia?"

"Hawajaitikia."

Mbukwenyi ni salamu ya Kigogo, na Dodoma hata wasio Wagogo wanaijua. Utaisikia kwa mwanafunzi wa chuo kutoka Bukoba anayetania, na kwa dereva wa serikali anayetaka kupunguziwa bei ya kuku. Ukiambiwa, unaitikia vivyo hivyo. Kwa mama wa mlenda haikuwa utani. Mtu akiingia mahali pake na kuanza na bei, kwake huyo alikuwa bado yuko nje.

Mimi kwetu ni Gulwe, na Kigogo changu kinatosha kuombea maji, kwa hiyo nikajaribu kumsahihisha. Nikamwambia mtu mmoja huambiwa mbukwa. Mbukwenyi ni ya watu wengi. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Huyu aliyeuliza bei, yuko peke yake?"

"Ndiyo, mama. Kila komenti ni mtu mmoja."

"Nyumbani kwake hakuna watu?"

Akaendelea hivyo hivyo, na mimi nikaanza kuhesabu dakika, maana nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba mteja wa mtandaoni asipojibiwa haraka huenda kwa mwingine.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kazi hii ya kutengeneza matangazo nilijifundisha mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo, nikinakili maandishi ya pakiti za sabuni mpaka herufi zangu zikakubali kusimama wima. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba hapa pametosha, mpaka leo sijui pa kuishia. Napandisha picha, naifuta, naipandisha tena kwa sababu nukta imekaa karibu mno na neno. Kucha zangu zinajulikana kwa kutafunwa. Nilipokutana naye nilikuwa nimepanga chumba Nkuhungu na nilikuwa nimetengeneza kadi za harusi kadhaa na bango moja la kinyozi. Yeye ndiye alikuwa biashara yangu ya kwanza ya kweli, kitu chenye jina, rangi, sauti na wateja, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba kitakuwa hakina doa.

Alikuwa akiuza mlenda mkavu, ule wa majani yanayoanikwa na kutwangwa, unaopikwa na karanga na kuliwa na ugali wa uwele. Miaka mingi alikuwa ameuza chini, pembeni ya njia ya kwenda stendi ya zamani, na wateja wake walikuwa wanapita hapo wenyewe: makarani, wapishi wa hoteli, wanawake wanaosafiri kwenda Dar es Salaam na kutaka zawadi ya nyumbani. Kisha wafanyabiashara wa pale wakahamishwa. Mahali alipopewa palikuwa pazuri, pana paa na maji, ila palikuwa ndani sana, nyuma ya wauza ndoo na mitumba, na wateja wake hawakumfuata. Si kwamba walimchoka. Hawakujua alikwenda wapi. Jirani yangu wa kanisani, aliyekuwa akimfahamu, akamwambia kuna binti anajua kuweka vitu kwenye simu.

Maagizo aliyonipa siku ya kwanza niliyaandika nyuma ya kiganja kwa kalamu, ingawa hayakuhitaji kuandikwa.

"Nataka wateja wangu wanipate," alisema. "Sitaki wanione."

"Mama, biashara ya mtandaoni inataka uso. Watu wanapenda kumjua mtu."

"Watanijua. Uso wa nini? Wanaula?"

Kwa hiyo nikapiga picha za mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri na yeye alijua, maana kabla ya kila picha aliipaka mafuta na kuigeuza geuza kwenye mwanga kama anayechagua nyanya. Mlenda wenyewe ulinipa shida. Mkavu, unafanana na vumbi la kijani. Uliopikwa, unateleza na kung'aa kwa namna ambayo kamera haiipendi. Nilipiga picha za bakuli moja mpaka mlenda ukapoa ukashikana, na yeye akaja akachukua bakuli mbele ya kamera, akaanza kula.

"Mama, nilikuwa sijamaliza."

"Mlenda haukusubiri. Wewe ndiye unayeusubiri, nao haujui."

Alama niliyomchorea, jani moja ndani ya duara, nilikuwa nimeifanyia kazi mpaka macho yakawasha. Aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ni ya hospitali," akasema.

"Ni jani la mlenda, mama."

"Ni la dawa. Mtu akiona hapa atauliza nameza mara ngapi."

Nililia nilipofika nyumbani, naona ni afadhali niseme. Kesho yake niliirudia, na aliikubali ya pili bila kuitazama vizuri, jambo lililoniumiza zaidi. Na tukabishana juu ya rangi. Yeye alitaka nyekundu kila mahali kwa sababu inaonekana kutoka mbali. Nilimwambia simu haitazamwi kutoka mbali. Hakukubali. Mpaka leo chini ya kila pakiti kuna mstari mwekundu usioendana na chochote, na kila nikiuona napata hamu ya kuufuta kwa kidole.

Kuna neno moja alilolichukia kuliko matusi. Wauzaji wengi wa mtandaoni hawaandiki bei. Ukiuliza wanakujibu: njoo inboksi. Mimi niliona ndivyo wakubwa wanavyofanya, nikaweka hivyo kwenye posti zetu za mwanzo. Aliponiuliza maana yake nikamweleza: ni sehemu ya faragha, mnaongea wawili tu, wengine hawaoni.

Akaacha kupepeta.

"Nimwite mtu chumbani nimtajie bei ya mlenda?"

"Si chumbani, mama. Ni kama pembeni."

"Pembeni kufanya nini? Mlenda huu mke wa mkubwa ananunua, na mama wa kufagia barabara ananunua. Huyu nimnong'oneze yake, na yule nimnong'oneze yake?"

"Wengine wanafanya hivyo ili waangalie mteja ni wa namna gani."

"Ndicho hicho nilichosema."

Tukaandika bei kubwa juu ya kila picha, kwa rangi ile yake nyekundu. Iliharibu mpangilio wangu wote. Wauzaji wengine wa mlenda wakaona na wakashusha zao kidogo tu chini ya yetu, na tukapoteza wateja kwa muda. Hakubadili. Wala sisemi alikuwa sahihi kibiashara. Nasema alikuwa hivyo.

Lakini mtu huyu huyu, mwenye bei moja kwa wote, alikuwa na tabia ya kusema mlenda umekwisha wakati magunia yako nyuma yake. Aliwafanyia hivyo watu waliomwandikia kwa amri. Mwanamume mmoja aliandika, "Nitumie kilo mbili fasta." Akajibiwa mbukwenyi. Akaandika, "Acha mambo mengi, mlenda upo?" Mama akaandika: Haupo. Dakika ile ile mwingine aliyeitikia salamu akaambiwa upo mwingi tu. Komenti mbili zikakaa zimefuatana, moja haupo, moja upo, mbele ya dunia nzima, na mimi nikauficha uso kwa mikono.

"Mama, wote wanaona."

"Waone. Watajua ulipo na usipokuwapo."

Alikuwa bahili wa bando. Alizima data kila baada ya kujibu, kama anayezima taa akitoka chumbani. Lakini jioni aliiwasha kutazama wauzaji wa laivu wa Dar es Salaam, wanawake wenye kope ndefu wanaouza masufuria na mawigi kwa kupiga kelele, na aliwapenda kama ndugu. Alijua nani ana mtoto anayeumwa na nani amegombana na nani. Alinunua kwao kandambili zisizomtosha na mashine ya kusaga juisi ambayo hakuwahi kuiwasha. Nilimwuliza mbona hao hawasalimii mmoja mmoja.

"Hao wanaonekana," akasema. Sikuelewa, na sikuuliza.

Habari ya mchanga inajulikana kwa wateja wetu wa zamani. Mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alipiga picha chini ya sufuria yake, akaipandisha na jina letu: mlenda wa Dodoma una mchanga, nimetafuna changarawe mbele ya wageni wangu. Watu wakacheka, wakashirikishana. Mimi nilikuwa Nkuhungu, nikakimbilia simu. Ukurasa ulikuwa safi, kila picha nimeipima, na sasa kuna sufuria jeusi katikati ya kila kitu. Nikampigia mama.

"Nafuta ile komenti na kumfungia asituone tena," nikasema.

"Nani?"

"Yule aliyesema una mchanga."

"Na haukuwa na mchanga?"

Nikaanza kutafuna ukucha.

"Upepo wa Agosti ulipita nimeanika chini," akasema. "Niliona. Nikapepeta, nikasema imetosha. Haikutosha. Sasa wewe unamfungia mlango mtu aliyetafuna changarawe yetu?"

Alijibu mwenyewe, mbele ya wote. Aliandika salamu, akangoja. Kwa kweli alingoja, na yule mwanamke, sijui kwa nini, akaitikia. Ndipo mama akaandika kwamba ni kweli, ni mchanga wa Ipagala, umeingia kwa uzembe wake, na kwamba pakiti nyingine inakuja na basi. Baada ya hapo akajenga kichanja nyuma ya nyumba, akaanika juu yake na kufunika kwa chandarua. Nilitaka tupige picha ya kichanja tuitumie kama tangazo. Akakataa. Alisema watu hawapongezwi kwa kuacha kuwalisha wengine mchanga. Yule mwanamke akawa mteja wa kudumu, na kila akiagiza aliandika: usisahau changarawe zangu. Mama alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kuhusu uso wake alikuwa na majibu mengi. Mimi aliniambia wanunuzi wa huruma hawarudi. Jirani yangu wa kanisani alimwambia macho yake hayapendi mwanga. Binti yake, aliyeolewa Morogoro, aliponitembelea siku moja, ndiye aliyenieleza. Zamani, kabla ya kuhamishwa, mama akiwa amekaa pembeni ya ile njia asubuhi ya Juni, mtu alipita akampiga picha, akaenda zake. Picha ikazunguka mtandaoni na maneno ya huzuni chini yake, kwamba tuwakumbuke mama zetu wanaoteseka. Watu wengi wakaweka alama za machozi. Binti akaiona akiwa Morogoro, akampigia simu mama yake akilia, akidhani kuna jambo limetokea.

Nilipomwuliza mama hakukana.

"Sikuwa nateseka," akasema. "Nilikuwa naota jua. Unajua baridi ya Juni ilivyo hapa. Nilikuwa nimepata jua zuri."

"Aliyepiga ulimwona?"

"Niliona viatu. Angesema mbukwa ningenyanyua uso, angepata picha nzuri." Alipiga vumbi kwenye goti. "Watu wengi hivyo wakaniona, na mimi sijamwona hata mmoja. Hakuna aliyenisalimia."

Nilikuwa nimefanya kazi naye muda mrefu kabla ya kulisikia hilo, na bado sikuliunganisha na komenti. Mimi nilikuwa nashughulika na nukta.

Kisha ikaja siku ambayo kila mtu katika kazi hii huiomba. Mpishi mmoja mwenye wafuasi wengi alipika mlenda wetu kwenye video yake, akautaja ukurasa. Komenti zikaanza kuingia kwetu kama mvua ya Januari, kwanza matone, kisha huoni ng'ambo. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo yangu, napanga majibu ya kunakili: bei hii, tunatuma mikoani, karibu sana. Mama alininyang'anya simu.

"Hawa ni wageni," akasema. "Siku ya kwanza."

Alikaa mkekani tangu asubuhi. Mbukwenyi. Mbukwenyi. Mbukwenyi. Alihama na kivuli cha nyumba kikihama. Chakula kililetwa akala kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukidonoa. Mara moja moja mtu aliitikia, naye akampa bei, akamwuliza anaandika kutoka wapi na kama huko mvua imenyesha. Nilimsihi apumzike. Alisema hajawafikia wa chini.

Alasiri, kabla ya watu kutoka kazini, simu ikaandika maneno kwa Kiingereza na ukurasa ukatoweka. Niliyasoma mara nyingi nikitumaini yatabadilika.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wameufunga, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Wanasema... wanaona huu ukurasa hauendeshwi na mtu. Kwa kuwa unaandika neno moja kila mahali. Wanasema ni mashine."

"Mashine ipi?"

"Wewe, mama."

Nilitegemea atacheka, au atalaani. Alitazama kile kidole chake gumba, akakikunja ndani ya kiganja.

"Basi wamepotea tena," akasema. Alikuwa anasema juu ya wateja.

Niliandika rufaa. Niliiandika upya mara nyingi mno, nikibadili neno moja kwa jingine, maana niliamini kwamba nikiipata sentensi kamili watafungua. Hakuna aliyejibu. Tukaanzisha ukurasa mpya, mdogo, na watu wachache sana wakaupata. Nikamtungia salamu za aina mbalimbali azitumie kwa zamu ili mashine isimshuku: karibu mpendwa, habari ya leo, hujambo. Alizisoma kwa sauti.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zako."

"Si zangu. Ni za kudanganyia askari." Akanirudishia simu. Baada ya hapo hakuwa akijibu sana. Ukiuliza bei, mimi ndiye niliyekupa.

Nami nikapata kazi kwenye ofisi ya matangazo mjini. Ina kiyoyozi, na watu wanaozungumza Kiswahili cha nusu Kiingereza, na meza yangu ina kompyuta. Siku ya kwanza mkuu wangu aliniambia niandike njoo inboksi chini ya picha ya sofa, na vidole vyangu vikakataa kwa muda. Nikaandika. Ipagala nilikwenda kwa nadra, kisha kwa nadra zaidi. Niliambiwa na jirani kwamba mama amepunguza magunia, na kwamba pale sokoni anakaa mpaka jioni bila kufungua baadhi ya hayo.

Ndipo Juni hii, nikiwa kazini, ile rufaa niliyoisahau ikajibiwa. Walisema ukurasa unaweza kurudishwa, mwenye nao akithibitisha kwamba ni binadamu. Anatakiwa ashike simu mbele ya uso, atazame kushoto, atazame kulia, atazame juu. Niliomba ruhusa nikatoka. Njia nzima nilijua atakataa, na nilikuwa natunga hoja.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya kichanja, amejifunika khanga mbili kwa sababu ya upepo.

"Shikamoo mama. Mama, wale watu wamejibu, wanasema—"

"Marahaba. Mbukwa."

Nikasimama. "Mbukwa, mama."

"Nyumbani Gulwe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Kazi?"

"Nzuri. Inachosha."

"Kucha zako?"

Nikazificha nyuma. Akacheka, akaniwekea ile ndoo. Nikamweleza yote, na nikaharakisha kusema kwamba hatalazimika, kwamba video hiyo haitawekwa mahali popote, kwamba inatazamwa na mashine tu, ikimaliza inafutwa. Alisikiliza huku akiokota majani yaliyoanguka.

"Wateja wa siku ile bado wamo humo ndani?"

"Wamo wote. Majina yao, komenti zao."

"Wanangoja?"

Nilitaka kusema kwamba watu wa mtandaoni hawangoji, wameshasahau. Nikasema, "Wamo, mama."

Akaingia ndani. Alitoka amenawa uso na amefunga kilemba cha kitenge cha kijani. Akaketi mkekani, akanyoosha mgongo. Nilimwambia asogee, mwanga unatoka nyuma. Akasogea. Nikamwambia kidogo tena. Nikamwambia kilemba kimekaa upande.

"Mashine inanunua kilemba?"

Nikaacha. Nikaanza kurekodi. Akaitazama simu sawasawa, kama anayetazama mtu machoni, akasema, "Mbukwenyi."

"Mama, hakuna mtu humo. Hawasikii."

"Hata kama. Nimeingia kwao." Kisha akageuza uso kushoto, taratibu, akageuza kulia, akainua kidevu juu. Nilikuwa sijawahi kumwona usoni kupitia kioo cha simu. Ana kovu dogo chini ya jicho ambalo miaka yote hiyo, nikimtazama mikono, sikuwa nimeliona.

Tulikunywa chai. Kabla vikombe havijapoa ukurasa ukarudi. Picha zangu zote zilikuwepo, na duara lenye jani, na mistari myekundu, na chini ya picha, komenti za siku ile, nyingi, kimya kama watu walioketi ukumbini. Mama akavaa miwani. Akashuka na komenti mpaka akafika mahali.

"Huyu ndiye wa mwisho," akasema. "Hawa wa chini sikuwafikia." Na kidole gumba kikanyanyuka.

"Mama," nikasema. "Ukianza tena watafunga tena. Na safari hii hawatafungua."

Kidole kikabaki hewani. Upepo uliinua ukingo wa chandarua juu ya kichanja, ukaulaza.

"Mtu akiwa nje ya ua, haonekani, anabisha kila mlango," akasema mwishowe. "Akisimama katikati ya ua watu wakamwona, je? Anasalimia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja." Akavua miwani. "Na wale wenye mashine wameshaniona uso. Si vizuri wanione wao, na hawa walioulizia mlenda hawajaniona."

Akanirudishia simu, akaketi kama alivyoketi mwanzo, mgongo wima, mikono ameilaza mapajani bila kuipaka kitu. Miaka yote nilikuwa nikiiomba picha hii. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: mlango wa bluu nyuma, mwanga wa saa za jioni, mlenda kwenye ungo pembeni. Mlango ulikuwa nyuma yangu na jua lilikuwa la mchana. Nikataka kumwambia tuhame. Nikainua simu hapo hapo.

"Mbukwa, mama," nikasema.

Akaniangalia. "Mbukwa," akaitikia, na hapo nikapiga.

Nilipiga moja. Juu ya picha aliniambia niandike neno moja, lile la watu wengi, na bei. Nilipoitazama kabla ya kuipandisha, kivuli cha kichanja kilikuwa kimempita begani na kilemba kilikuwa bado kimekaa upande. Kidole changu kilikwenda chenyewe mahali pa kurekebisha. Nikakirudisha, nikapandisha.